Korosho yake sasa inaingia kopo la kwanza kila siku

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilaya ya Tandahimba. Kwetu ni Singida, huku nimeletwa na ajira, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Nina darasa la nne, watoto 87 kwenye daftari la mahudhurio. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa Oktoba, na Oktoba hiyohiyo huku ndiyo korosho zinadondoka na minada inafunguliwa. Jumatatu ya msimu nikiita majina, wanaoitika hawafiki 60.

Mwanzoni mwa Septemba nilianzisha kitu. Nilichukua makopo matatu ya maziwa ya unga nikayapanga dirishani, karibu na mlango. La kwanza nimelichora uso unaocheka, la pili uso uliotulia, la tatu uso ulionuna. Kila mtoto anaingia na korosho moja, anaitia kwenye kopo linalofanana na alivyoamka. Siku za mwanzo wote walijaza la kwanza, nadhani walijua ndilo jibu sahihi. Wiki ya pili la tatu likaanza kupata korosho tano, saba, siku moja kumi na moja. Saa nne wakati wa mapumziko niliwaita wale niliowaona, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Mwingine kapoteza kalamu na anaogopa kurudi nyumbani. Mwingine alinuna tu, hana sababu, tukaishia kucheka wote wawili.

Sasa kuna mmoja, nitamwita Hamisi, jina lake si hilo. Ana miaka kumi. Siku tisa mfululizo alitia kopo la tatu. Nilipomwita hakusema kitu, mpaka nilipomuuliza vidole vimepatwa na nini, maana vilikuwa vimebabuka, ngozi imetoka kwa utomvu wa korosho. Akasema anachoma korosho usiku ili mdogo wake asilale njaa. Wazazi wamehamia kwenye kibanda cha shambani tangu korosho zianze, wanazilinda zisiibwe. Yeye kabaki nyumbani na mdogo wake wa darasa la awali. Anapika ugali wa muhogo, anamwogesha mtoto, wanaegemeza gogo mlangoni, na yeye analala na panga.

Niliumia, Bibi. Nikaingia ofisi ya walimu nikasimulia. Mwenzetu mmoja ambaye ni mwenyeji akachukua simu akampigia baba yake Hamisi palepale. Kesho yake baba kaja na bodaboda, kasimama mlangoni mwa ofisi: "Kwani sisi kule shamba tunacheza? Hizo sare na madaftari mnayodai kila siku yananunuliwa na nini?" Hamisi alikuwa anafagia nje. Kasikia yote.

Tangu siku hiyo korosho yake inaingia kopo la kwanza. Kila siku, wiki ya tatu sasa. Anaitia huku ananiangalia. Lakini anachelewa, anachapwa na mwalimu wa zamu pale mstarini, na ikifika kipindi cha tatu anasinzia.

Mwalimu mkuu ameniambia upimaji umefika, niache michezo. Walimu wenzangu wananiita Madamu Kangomba, kwa jina la ule ununuzi wa korosho wa magendo. Mzazi mmoja kauliza kwenye kikao korosho za watoto zinakwenda wapi, na kweli kwa wiki zinafika kilo mbili hivi. Zote ziko kwenye mfuko kabatini, sijala hata moja. Na kuna ukweli mwingine unaoninyima usingizi: zaidi ya nusu ya darasa langu hawawezi kusoma aya moja ya Kiswahili wakaelewa. Pengine mwalimu mkuu ana haki.

Je, niyatoe makopo? Hamisi nimfanyie nini? Na niombe uhamisho? Asubuhi nyingine natamani na mimi ningekuwa na korosho yangu ya kutia.

Madamu wa Darasa la Nne, Tandahimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole.

Nianze na Hamisi, makopo yatangoja. Mtoto huyo hajachangamka ghafla, amejifunza. Alikuamini akasema, kisha akaona maneno yake yanatoka darasani, yanaingia ofisini, yanapanda kwenye simu, na kesho yake yanarudi juu ya bodaboda. Mtoto anayelinda nyumba kwa panga hashindwi kujilinda na kopo. Anapokuangalia huku anatia korosho, anakwambia: hunipati tena, Madamu.

Kwa hiyo cha kwanza, mwombe radhi. Ninajua sisi walimu neno hilo kwa mtoto linatukwama kooni, mimi nilianza kuliweza nikiwa na mvi. Mwite faragha, si mbele ya wenzake, umwambie: "Ulichoniambia nilikitoa nje bila kukuuliza. Nilikosea." Basi. Usimbembeleze arudi kopo la tatu. Usimuulize "sasa uko sawa?", maana atakwambia yuko sawa.

Na yule mwenzako aliyepiga simu usimtwishe lawama zote. Ofisi ya walimu ninaijua. Neno likiingia pale saa nne, saa sita limeshafika kwa mama ntilie. Habari ya mtoto kama hii ina watu wawili wa kuisikia: mwalimu aliyepewa kazi ya ushauri na unasihi hapo shuleni, na mwalimu mkuu. Kama hiyo kazi ya unasihi ipo kwenye karatasi tu ukutani, kama nilivyoikuta kwingi, basi iombe wewe. Inaonekana unaiweza.

Pamoja na hayo, baba yake ana hoja. Msimu wa 2024 korosho ghafi mnadani zilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Gunia moja likiibwa usiku, mtu kapoteza pesa nyingi, na hao wanaonunua kangomba kwa bakuli, gizani, hawaulizi zimetoka wapi. Ukimwambia mkulima aache korosho chini arudi kulea, umemtukana. Wewe mwombe kitu kimoja tu: mtu mzima alale kwenye nyumba ile. Kulinda shamba si lazima walale watu wawili. Au aje bibi, au shangazi, au watoto wapelekwe kwa jirani mpaka mnada wa mwisho.

Na hapa nikupe la wenyeji, maana wewe ni mtu wa Singida. Wamakonde, kama Wamakua na Wayao, toka zamani wanahesabu ukoo upande wa mama. Mambo yamebadilika sana, ila kwenye nyumba nyingi neno la mjomba bado lina uzito kwa watoto wa dada yake kuliko neno la mwalimu, na wakati mwingine kuliko la baba. Mmemkimbilia baba kwa simu, mbele ya walimu wote. Mtafute mjomba. Mweleze taratibu, mwombe akupeleke shambani Jumamosi. Usiende na daftari wala barua yenye muhuri. Ukifika, salimia, inama uokote korosho nao hata saa nzima, ukae mkekani, chakula kikiletwa ule. Mazungumzo ya Hamisi yataanza yenyewe, na pengine atakayeyaanza ni mama yake.

Wakikataa, usinyamaze. Watoto wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa darasa la awali, hawalali peke yao na panga, na jambo hilo halingoji msimu uishe. Mwambie mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji, na ustawi wa jamii wilayani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa watoto hao haki ya kutunzwa. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, haikatwi salio, na mwalimu naye anaweza kuipiga. Hilo la mjomba lifanyike wiki hii, lisisubiri upimaji.

Sasa fimbo za mstarini. Ninaandika nikiwa na aibu yangu. Nilianza kazi 1977, mwaka wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, Newala, darasa chini ya mkorosho. Nilikuwa na msichana akisinzia kila asubuhi, nami nikimchapa kila asubuhi, viganjani. Nilikuja kujua mwaka unaisha kwamba alikuwa anaamka saa nane za usiku na mama yake kushuka bondeni kuteka maji, halafu anapandisha mlima na ndoo kabla ya kuja kwangu. Miaka ile maji ya juu kule Newala yalikuwa hivyo. Nimemchapa mtoto kwa kosa la kubeba maji. Hajawahi kunisema, na tukikutana sokoni ananiamkia vizuri tu, na ndiyo inayoniuma.

Mwambie mwalimu wa zamu, kwa adabu, kwamba kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Fimbo ya papo kwa papo mstarini haimo humo. Akikwambia shule bila fimbo haiendi, mwambie habari ya Luwero, Uganda. Shule za msingi 42 zilifuatiliwa, baadhi zikapewa mafunzo ya shirika la Raising Voices ya kuendesha shule bila kipigo, nyingine zikangoja zamu yao. Matokeo yalitoka 2015: kwenye shule zilizofundishwa, watoto waliosema walipigwa na mwalimu wiki iliyopita walikuwa 31 katika kila 100, kwenye zilizongoja walikuwa 49. Thelathini na moja bado ni wengi, sikufichi. Lakini shule hazikuanguka. Kwa Hamisi omba kitu kidogo zaidi: ampitishe mdogo wake darasa la awali kwanza, aje kwako moja kwa moja, asipange mstari wa wachelewaji.

Haya, makopo.

Yamekaa vibaya. Umeyaweka dirishani karibu na mlango, watoto 86 wanaona wa 87 katia wapi. Hapo umewapa watoto kipaza sauti wakati wengine wanataka kunong'ona. Umechanganya mambo mawili pia. Kujua darasa limeamkaje ni jambo moja, na hilo halihitaji jina la mtu. Kumjua mtoto gani anataka kuongea ni jambo la pili, na hilo lisionekane na yeyote. Kwa la kwanza, toboa vifuniko vya makopo, yaweke nyuma ya kanga kwenye kona, kila mmoja apite. Kwa la pili tumia madaftari. Yakikusanywa, anayetaka kuongea na Madamu anaweka daftari lake kifudifudi. Utalikuta wakati unasahihisha, na hakuna wa kulishangaa, watoto huweka madaftari hovyo siku zote. Na ukilikuta kifudifudi, kesho yake kabla ya saa nne uwe umefanya kitu, hata kama ni kumwombea kikombe cha uji au kumhamisha dawati. Wiki usiyokuwa na nafasi ya kusikiliza, makopo yafungie kabatini. Mtoto anayeulizwa kila siku bila kufanyiwa kitu atatia korosho kama anayetia ushuru.

Na acha korosho, mwanangu! Korosho ni pesa. Huwezi kukusanya kilo mbili za pesa kwa wiki kutoka kwa watoto wa wakulima, msimu umepamba moto, ukashangaa kuitwa Kangomba. Mimi mwenyewe nimecheka. Tumia visoda, wauza maduka watakupa ndoo nzima bure. Zile zilizoko kabatini zitoe hadharani: mbele ya darasa zipimwe, watoto wazidishe kilo kwa bei ya mnada, hesabu iandikwe ubaoni, kisha mfuko ukabidhiwe kwa mwalimu mkuu mbele ya mwakilishi wa wazazi, auze kihalali, inunuliwe sukari ya uji. Hilo ni somo la hisabati ambalo hakuna atakayelisinzia, na jina lako litarudi.

Kuhusu mwalimu mkuu, ana haki nusu. Anapimwa kwa wastani wa shule, na wewe unampelekea nyuso zilizonuna. Mpelekee anachoweza kukisoma. Kaa na mtoto mmoja mmoja, dakika tatu zinatosha: anasoma herufi, maneno, aya au hadithi fupi? Andika. Hapo utakuwa na karatasi moja inayosema darasa la nne lako lina madarasa manne ndani yake. Pratham, shirika lililoanzia Mumbai, India, mwaka 1995, limefanya kazi kwa njia hii miaka mingi: kwa saa moja au mbili kila siku watoto wanapangwa kwa kiwango cha kusoma, darasa na umri vinawekwa pembeni, wa herufi wanacheza na herufi, wa aya wanasoma aya, na mtoto akiiva anahama kundi palepale. Zambia nao wameichukua. Haidai kompyuta, inadai mtu awe na ujasiri wa kumkalisha mtoto wa darasa la nne na karata za silabi bila kumwaibisha. Na wewe hilo la kutoaibisha ndilo ulikuwa unalitafuta kwa makopo.

Kabla ya upimaji hutafanya muujiza, usijaribu, utajiumiza na watoto. Siku hizi zilizobaki fuata ratiba ya mwalimu mkuu bila ubishi. Upimaji ukiisha, Novemba darasa la nne huwa halina mwenyewe, watoto wanafyeka nyasi na kungoja likizo. Mwombe huo mwezi. Saa moja kila siku, makundi manne, na wale wanaosoma hadithi wakusaidie kundi la herufi. Pima tena shule ikikaribia kufungwa, umpelekee karatasi ya pili. Mwombe na kikao cha wazazi kuhusu uji kiitishwe malipo ya mnada yakishaingia. Michango ya chakula huku inaombwa Februari, wakati mtu kashanunua bati na pikipiki, halafu tunasema wazazi wagumu.

Swali lako la mwisho. Barua ya uhamisho usiiandike Oktoba, kila mwalimu wa darasa la nne anataka kuhama Oktoba. Nenda Singida likizo, lala, ule uwele wa kwenu. Januari ukiona bado unataka kuondoka, niandikie tena, na unieleze mjomba alisema nini.